Upana wa Kiberiti

Siku niliyorudisha karakana aproni ya marehemu mume wangu Balta, nilimkuta mwenyekiti wa mafundi, Fortunatus, ameshika kigari cha Shadrack kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

Kigari ni jina ninalokiita mimi. Ni chuma kidogo cha kuenea kiganjani. Chini kina gurudumu moja, juu kina taya mbili zinazokazwa kwa skrubu. Unabana humo chuma cha randa au patasi, unakilaza juu ya jiwe la kunolea, unasukuma mbele na kuvuta nyuma. Gurudumu linatembea, chuma hakiinuki wala hakilali zaidi ya pale ulipokiweka, na makali yanatoka yamenyooka kutoka kona hadi kona. Kazi yake ni hiyo tu. Shadrack, fundi wa meza ya tatu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amekiagiza Dar es Salaam na kilifika na basi asubuhi hiyo.

"Hii ni nini?" Fortunatus aliwauliza wenzake. "Maana baiskeli ya mtoto naijua, na hii siyo."

Wakacheka. Karakana yetu ya Ilembo, hapa Mpanda, ina meza saba chini ya bati moja, na mwenyekiti akitania wote hucheka, hata yule anayetaniwa.

"Ni ya kunolea, mwenyekiti," Shadrack alisema. "Inashika chuma kisiyumbe."

"Kwani mikono yako inafanya kazi gani? Ya kushikia simu?" Fortunatus akaipiga nguzo ya katikati kwa kiganja. "Humu alisimama Balta miaka ishirini na miwili. Mkono wa Balta ulikuwa na gurudumu? Nyie semeni."

"Haukuwa nalo," wakasema.

"Basi kuanzia leo sitaki kuona kidude hiki hapa. Chuma kinanolewa kwa mkono mtupu, kama Balta. Asiyeweza akauze vitumbua."

Akakitupa kwenye gunia la maranda. Alipogeuka ndipo akaniona nimesimama mlangoni na aproni mkononi. Uso wake ukabadilika, akaja kunipokea kwa mikono miwili. Nisimsingizie: Fortunatus alimpenda mume wangu. Jeneza la mninga alilozikiwa ni yeye aliyelitengeneza, na hakukubali mtu mwingine aliguse.

"Karibu shemeji. Pole na upweke."

"Nimeshapoa. Nimeleta aproni yenu."

Akanikalisha kwenye kigoda, akanieleza walivyopanga. Jumamosi, baada ya misa ya arobaini, tutatoka kanisani wote tuje karakana. Chuma cha randa ya Balta kitatundikwa kwenye nguzo ya katikati kwa msumari, kisiguswe tena na mtu. Chini yake fundi wa rangi ataandika maneno: MKONO USIOHITAJI KIFAA. Kisha meza yake atakabidhiwa Patrick, mdogo wa mke wa Fortunatus, anayekuja kutoka Majimoto.

"Wewe shemeji utatuletea tu ile randa," alisema. "Najua uko nayo nyumbani."

Nikamwangalia. Nikaangalia meza ya mume wangu, ile ya ukingoni inayotazama barabara, juu yake wameweka madumu ya vanishi.

"Ile meza naiomba mimi," nikasema.

Fundi mmoja aliyekuwa anapiga msasa akaacha.

"Ya kuuzia nini, shemeji?"

"Ya kunolea."

Safari hii walicheka kwa adabu, kwa sababu mimi ni mjane. Fortunatus akaniinamia kama anayesema na mgonjwa.

"Shemeji, kunoa siyo kupeta mchele."

"Najua. Nimefanya yote mawili miaka mingi."

Nilingoja. Nilimwangalia machoni, nikaangalia na wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyeniuliza nimeyafanya wapi, wala lini. Nikaaga, nikaenda zangu.

*

Mimi naitwa Eufrazia, ila Ilembo nzima wananiita Mama Aline. Nimezaliwa Majimoto kwenye mpunga, nikasoma hadi darasa la saba, nikaolewa na Baltazari seremala nikiwa na miaka ishirini. Nasema haya ili anayesoma ajue kwamba sikufundishwa useremala na mtu yeyote shuleni. Nilifundishwa na ugonjwa wa mume wangu.

Miaka sita kabla hajafa, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Akibeba ubao, unatulia. Akisukuma randa kwa uzito wa mwili, unatulia. Lakini akishika kitu chepesi, kijiko, kalamu, chuma cha kunoa, unacheza kama jani. Na kunoa hakutaki kucheza. Chuma kikiyumba kidogo tu juu ya jiwe, makali yanakuwa mviringo mithili ya mgongo wa kijiko, na randa haikati tena, inakwaruza.

Nilimwona siku moja uani, amekaa na jiwe mapajani. Alinoa, akajaribu makali kwenye ubao, akanoa tena. Mara ya nne akaliweka jiwe chini, akafunika uso kwa kofia yake. Nilikwenda kutoa maharage jikoni.

Wiki iliyofuata tulipanda basi hadi Katumba, kwa fundi mmoja wa asili ya Burundi, Jean-Marie, ambaye mume wangu alimwamini. Jean-Marie alisikiliza, akauangalia ule mkono, hakutoa pole. Alichukua bearing ya pikipiki iliyokwisha, vipande viwili vya chuma na bolti, akakata meno ndani ya taya kwa tupa ili zishike vizuri. Jioni tukarudi Mpanda na kigari kwenye mkoba wangu, kimefungwa kwenye kitenge.

Kumbe hata kigari kilimshinda. Kubana chuma kwa vidole vinavyocheza, kupima kitokeze kiasi gani, yote hayo yalimtesa. Nikamwambia, "Baba Aline, hebu lete."

Alinielekeza kwa mdomo, mimi nikashika. Kwanza, chuma kitokeze mbele ya taya kiasi kilekile kila siku, maana kikitokeza zaidi kinalala, kikipungua kinasimama. Hatukuwa na kipimo. Nikachukua kiberiti mfukoni mwa aproni yangu, nikakilaza: chuma cha randa, upana wa kiberiti. Patasi, unene wa kiberiti mara mbili. Tangu siku hiyo hatukubadilisha.

Pili, upande wa jiwe unaokwaruza ndio unaoanza, kwa mafuta kidogo, mpaka ukipitisha kidole upande wa pili unasikia kinyuzi cha chuma kimechomoza kona hadi kona. Ndipo unageuza jiwe, unakwenda upande laini. Mwisho unalaza mgongo wa chuma juu ya jiwe ili ukiondoe kile kinyuzi, na unamalizia kwenye mkanda wa ngozi. Mkanda wenyewe ulikuwa wa suruali yake ya harusi.

Kuhesabu misukumo kulinishinda mwanzoni. Nikihesabu mpaka hamsini mtu anapiga hodi, nasahau. Basi nikahesabu kwa rozari. Fungu moja, yaani Salamu Maria kumi, upande unaokwaruza, mafungu mawili upande laini. Mimi nasali nusu ya kwanza ya Salamu Maria huku nasukuma, yeye amekaa mlangoni anaitikia nusu ya pili huku naendelea. Mkono wake ulikuwa unatetemeka ila sauti haikutetemeka kamwe. Tulinoa hivyo jioni, mimi nikirudi shambani Kakese na yeye karakana, miaka sita.

Mafundi wenzake wakaona randa yake inavyokata. Wakaanza kumpa vyuma vyao: "Balta, ninolee na hiki." Anavifunga kwenye gazeti, anavileta nyumbani, kesho anavirudisha. Wakauliza kwa nini hanoi pale pale karakana. Wakajijibu wenyewe kwamba anaficha ufundi wake.

Meno ya taya za Jean-Marie yaliacha vikwaruzo viwili, kimoja kila ubavu wa chuma. Hatukuvijali. Lakini watu waliviona, wakavipa jina: alama ya Balta. Walisema anakikwaruza chuma akikubali kazi yake, kama mwalimu anavyoweka alama ya vema kwenye daftari. Kuna fundi wa Kakese, Lucas, alikuwa anakwaruza patasi zake kwa msumari ili wateja wadhani zimepita kwa Balta. Siku mume wangu alipopata habari hiyo alicheka hadi akakohoa, nikampa maji.

Baadaye, tulipokaa kula, akaacha kucheka.

"Eufrazia, uongo hatutasema," aliniambia. "Mtu akiuliza nani ananoa, mwambie. Asipouliza, tutafune ugali wetu."

Hakuna aliyeuliza. Miaka sita nimepita mbele ya wanaume wale na kikapu cha ndizi, vidole vyangu vyeusi kwa mafuta ya jiwe, hakuna aliyeniuliza. Kisha presha ikamchukua wiki moja baada ya Pasaka, na gazeti lenye vyuma likaacha kuja nyumbani.

*

Alhamisi, baada ya sala ya jumuiya, nilimweleza rafiki yangu Leticia. Yeye alikuwa anajua, ndiye peke yake. Alinisikiliza huku anafunga kanga yake.

"Mwenzangu, utamvua nguo marehemu," akasema.

"Nguo gani?"

"Ya sifa."

"Hiyo hakuivaa yeye. Wamemvalisha."

"Haya, wamemvalisha. Sasa amelala nayo. Wewe una haja gani ya kumfunua? Waache watundike chuma chao. Wewe noa nyumbani kwako kama zamani."

"Nani ataniletea, Leticia? Walikuwa wanamletea yeye. Na chuma changu kikishapigiliwa pale na yale maneno, hakuna mwanaume wa Mpanda nzima atakayeniletea randa niinoe kwa kigari. Nguzo ile itakuwa inanikana kila siku, asubuhi na jioni, na mimi nikipita nitasalimiana nayo."

Akakaza fundo la kanga.

"Una ukaidi wa Kipimbwe wewe, ule wa kwenu."

"Wa Majimoto. Huko ndiko unakolimwa."

Alicheka, kisha akanishika mkono. "Ukisema, sema mara moja. Usirudierudie kama anayeomba."

Usiku huo sikuwa na shida ya kulala. Nilikuwa nimeshamaliza kufikiri.

*

Misa ya Jumamosi ilikwenda vizuri. Aline, binti yangu, alisoma somo la kwanza. Baada ya baraka tukatembea hadi karakana, kwaya mbele. Msumari ulikuwa umeshapigiliwa kwenye nguzo, unang'aa. Maneno yalikuwa yameshaandikwa kwa rangi nyekundu, na herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha. Patrick alisimama karibu na meza ya mume wangu, amevaa shati jeupe, anaonekana hajui aweke wapi mikono.

Fortunatus alihutubia. Alimsifu Balta vizuri, na mengi aliyosema yalikuwa kweli. Milango ya kigango. Viti vya shule. Ile siku alipokataa kutumia mbao mbichi kwa mtu mkubwa. Nililia, sikuona aibu. Kisha akasema:

"Na zaidi ya yote, mkono. Siku hizi wanatuletea vigari vya kuchezea, ili mtu asiye fundi aonekane fundi. Sisi tunatundika chuma hiki ili kila atakayeingia hapa ajue kwamba fundi wa kweli ni mkono wake. Shemeji, tunaomba chuma."

Nilikuwa nimekuja nacho kwenye kitenge. Nikasogea mbele. Nilikitoa chuma, lakini sikumpa. Nilimpa kiberiti.

Akakiangalia. "Shemeji, hiki ni kiberiti."

"Ndiyo. Kipime."

"Kipime nini?"

"Hiki chuma cha Baba Aline, nimekishika, shika na wewe huku. Weka kiberiti kwa upana kwenye makali. Kinaishia wapi?"

Aliinama, kwa sababu ya heshima tu, watu wote wanaangalia.

"Kinaishia kwenye alama yake," akasema.

"Vizuri. Sasa leta randa yako."

"Shemeji, tuko kwenye ibada."

"Ibada imekwisha kanisani, padre ametuaga. Leta randa yako, mwenyekiti. Na nyie wengine, kila mwenye alama ya Balta alete chake. Kiberiti ni hicho, mtapokezana."

Nadhani walifikiri ni mambo ya msiba, mjane aachwe afanye anachotaka. Shadrack ndiye aliyeanza. Alifungua randa yake, akachomoa chuma, akapima. Akaangalia kiberiti, akakizungusha, akapima tena.

"Kinaishia kwenye alama," akasema.

Wa meza ya pili akapima. Wa meza ya tano. Lucas wa Kakese, ambaye alikuja na baiskeli yake kuhudhuria, alichomoa patasi mfukoni akataka kupima, nikamwambia, "Wewe acha, zako ulikwaruza mwenyewe kwa msumari," na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu walicheka kweli. Lucas akairudisha mfukoni polepole.

Fortunatus akabaki na randa yake mkononi. Hakuifungua. Shadrack akaichukua, akafungua skrubu, akapima mbele yake. Upana wa kiberiti. Na chini ya alama hizo, kuelekea kwenye makali, zilikuwepo nyingine, na nyingine chini yake, zimepangana kama ngazi, kwa sababu chuma kikinolewa kinafupika na kila mara taya zinashika pengine.

"Hii maana yake nini?" Shadrack aliuliza. Lakini hakuniuliza mimi, alikuwa anaangalia gunia la maranda.

Alikwenda akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akatafuta, akatoka na kigari chake kimejaa unga wa mbao. Akakibana kwenye kile chuma cha Fortunatus, taya zikakaa ubavuni, palepale penye alama.

Kwaya walikuwa wamesogea kuona. Fortunatus alikuwa anapumua kwa pua.

"Balta alikuwa na kidude kama hiki?" akauliza.

"Alikuwa nacho."

"Kwa hiyo alikuwa ananoa kwa kigari."

"Hapana."

"Sasa nani alikuwa ananoa?"

Nilikuwa nimelingoja swali lile miaka sita na siku arobaini. Nikafungua kitenge chote, nikatoa kigari cha Jean-Marie, nikakiweka juu ya meza ya mume wangu katikati ya madumu ya vanishi.

"Mimi," nikasema. "Na hiki."

Sikusema zaidi. Leticia alikuwa nyuma ya kwaya, nikamwona anainamisha kichwa kuficha mdomo.

Fortunatus akatikisa kichwa. "Shemeji, siku ya arobaini yake. Unamvua nguo mwenzio mbele za watu."

"Simvui. Nyie ndio mliomvalisha mkono usio wake. Mkono wake mimi naujua, nimeulisha. Ulikuwa unatetemeka hawezi kushika kijiko, na bado kila asubuhi alikuja hapa akasimama kwenye meza hii, akanyoosha mninga na mkongo, hakuna mmoja wenu aliyegundua. Andikeni hilo kwenye nguzo. Hiyo ndiyo sifa yake. Kunoa ni kwangu."

"Hata kama," akasema. Alikuwa ameshika nguzo sasa. "Hata kama. Kanuni ya karakana nimeshaitoa. Kigari hakiingii hapa."

"Kimeshaingia. Jeneza ulilomzikia mume wangu, ulilipiga randa ipi?"

Akaitazama randa yake mkononi mwa Shadrack.

"Ni hiyo hiyo. Nilikunolea mimi kabla ya Matawi. Kama hutaki kigari, chukua jiwe sasa hivi, kila mtu atoe makali yangu kwenye chuma chake, aweke ya kwake. Nitakaa ningoje."

Nikasogeza madumu ya vanishi, nikayaweka chini moja moja. Nikaketi kwenye meza ya Baba Aline. Ndiyo, juu ya meza, nilikuwa nimechoka kusimama. Chuma chake sikumpa mtu. Msumari ukabaki na hewa.

Watu wakaanza kuondoka wawili wawili. Hakuna aliyesema nimeshinda, na mimi sikusema. Patrick peke yake ndiye aliyenijia, akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hata hakuitaka hiyo meza, aliitiwa tu na dada yake.

*

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Nilikuwa na jiwe, mafuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, mkanda, kiberiti na kigari. Fortunatus alipofika alinisalimia kama kawaida, akaniuliza nimeamkaje, kisha akafanya kazi mpaka jioni bila kunigeukia. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano aliwaambia wenzake, nisikie, kwamba meza ile bado haijakabidhiwa mtu. Nikaendelea kupangusa jiwe langu.

"Shemeji, unakalia meza ya kikundi," akaniambia siku ya Alhamisi.

"Nakalia."

"Nikikuambia utoke?"

"Nitakusikia. Kisha nitakaa."

Wapo waliosema nje kwamba nimekosa adabu, kwamba mjane hufunga kilemba akakaa. Kilemba nimefunga. Hawakusema nikae wapi.

Shadrack ndiye aliyeniletea cha kwanza, ingawa ana kigari chake. Alisema taya za kile cha Dar ni laini mno, chuma kinateleza, nikamwonyesha akaze namna gani. Wa meza ya tano akaleta patasi mbili kwenye gazeti, akaziacha, akarudi mezani kwake haraka kama mtu aliyeiba. Patrick, ambaye alikuwa amepewa kona ya nyuma karibu na mashine ya kupasulia mbao, alinifuata waziwazi, akasimama hapo hapo akiangalia. Lakini mwenyekiti hakuleta. Alikuwa ananoa vyake mwenyewe, kwa mkono mtupu, amenipa mgongo.

Sikumcheka. Mikono yake ni mizuri, mizuri kuliko ya wote, na kwa mninga ilimtosha. Tatizo alikuwa na milango ya mkongo ya mtu wa Majimoto, na mkongo una nyuzi zinazokwenda huku na huku. Nilikuwa naisikia randa yake. Mwanamke aliyekaa na seremala miaka thelathini na minne haangalii, anasikiliza. Ikikata vizuri inanong'ona. Ya Fortunatus ilikuwa inakohoa. Wiki ya kwanza alipiga msasa kwa muda mrefu kuficha. Wiki ya pili ikang'oa kipande katikati ya ubao wa mbele, kikubwa kama kucha ya dole gumba, akasimama akikiangalia.

Ilikuwa saa tisa, jua limeingia chini ya bati. Akafungua skrubu. Akaja hadi mezani kwangu, chuma mkononi, hakukifunga kwenye gazeti wala kukificha.

"Mama Aline," akasema. Hakuniita shemeji. "Randa yangu inang'oa."

"Nimeisikia."

"Utaninolea?"

"Nitakunolea. Ila hutaniachia uende. Utakaa hapo uangalie, na wenzako wakuangalie ukiangalia."

Mafundi wote walikuwa wameacha kazi na wanajifanya wanatafuta misumari. Fortunatus aliwatupia jicho. Nilidhani atageuka. Nami nilikuwa nimeshaamua: akigeuka, mimi nitarudi kesho, na kesho kutwa, hadi nguzo ile ioze. Akavuta kigoda, akaketi.

Nilikibana chuma. Nikalaza kiberiti, upana, nikakaza skrubu. Ngazi ile ya alama ikaongezeka kidato. Nikadondosha mafuta kwenye jiwe. Sikumweleza kitu, nikaanza kusukuma, na kama kawaida yangu nikaanza kusali, kwa sauti, kwa sababu bila hivyo nitapoteza hesabu. Tangu Baba Aline aondoke nilikuwa nasali nusu zote mbili mwenyewe, na pumzi ilikuwa inanikatikia.

Nilipofika mwisho wa nusu yangu, nikavuta hewa niendelee.

"Maria Mtakatifu," akaitikia Fortunatus, chini chini, macho kwenye jiwe.

Ni Mkatoliki wa kuzaliwa, asingeweza kuliacha hivi hivi. Sikumwangalia. Nilisukuma. Akaitikia ya pili, na ya tatu, na kufikia ya nne sauti yake ilikuwa imefunguka na Shadrack naye ameshaingia kutoka mezani kwake, na kufikia ya kumi kinyuzi cha chuma kilikuwa kimechomoza upande wa pili, kona hadi kona.

"Shika," nikamwambia. "Pitisha kidole. Umekisikia?"

"Nimekisikia."

"Basi bado mafungu mawili. Usisinzie."